Nimechanganya oili tatu kwenye injini ya boti, fundi anasema nimeshaiua. Nimwage au niendelee?

#1 Mtu wa Kilindoni

Wakuu habari za humu, poleni na majukumu.

Nina boti ya mbao ya mizigo, napiga Nyamisati na Kilindoni kule Mafia, nikipata mzigo wa maana naenda mpaka Kilwa. Injini ni dizeli ya Kijapani ya mtumba, silinda nne, haina turbo, ndani inazungusha maji baridi ya kawaida halafu maji ya bahari yanapita kwenye kipoozeo pembeni. Kibao cha kiwandani kimeliwa na chumvi hakisomeki, kitabu sikupewa. Sampu (beseni la oili chini ya injini) inachukua lita 11, hiyo nina uhakika nayo maana huwa namwaga na kupima mwenyewe.

Stori iko hivi. Tangu nimeinunua naweka oili namba 40, nilimkuta nayo aliyeniuzia na mimi nikaendelea nayo. Wiki mbili nyuma nimepima asubuhi kabla hatujaondoka dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inasoma mstari wa chini kabisa, nikaenda dukani Nyamisati namba 40 hakuna, nikachukua 15W-40 nikaongeza lita 2. Maisha yakaendelea. Juzi mimi sikuwepo nilikuwa na msiba Kibiti, boti iko njiani, nahodha akaona taa ya presha ya oili inamulika mashine ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma polepole bila kuongezwa mafuta), yule kijana wa boti bila hata kuvuta dipstiki akaomba oili boti ya jirani akamimina kama nusu lita. Nimekuja kuliona dumu lenyewe jana, ni ile oili ya mashine za kupachika, tustroku, za petroli!

Fundi wangu anasema oili tatu zikikutana "zinagombana", zinaganda kama jeli, nisiwashe tena nijiandae na ovahoo (kufumua injini yote). Lakini injini inawaka vizuri tu na moshi ni ule ule. Halafu kingine dipstiki sasa hivi inasoma juu ya alama ya juu kama vidole viwili, nadhani kijana kamimina zaidi ya anavyokiri.

Nina mzigo wa saruji Jumatano. Nimwage yote, niendelee mpaka sevisi, au fundi yuko sahihi? Na kwa injini ya baharini oili sahihi ni ipi, 40 au 15W-40?

Naomba kuwasilisha.

#2 pweza mkavu

Mwaga mkuu. Lita 11 za oili na injini nzima kipi ghali? Uzi ufungwe.

#3 Jembe la Tanga

Fundi wako yuko sahihi kabisa, mjomba wangu aliua mashine hivi hivi, kachanganya nyeusi na nyekundu ikawa uji mweupe. Oili ni kama damu, huwezi kumwekea mtu wa grupu O damu ya grupu B ukategemea aamke.

#4 Fundi Igombe

Jembe la Tanga kwa heshima zote damu iache hospitali 😂

Oili za injini zenye nembo ya API (taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili) zinapimwa kama zinachanganyika na nyenzake bila kujitenga wala kuganda, hilo ni sharti. Ya madini na sintetiki, ya kampuni hii na ile, zinaingiliana. Kinachoharibika ni mizania ya dawa. Kila kampuni inapika dawa zake, ya kubeba masizi, ya kuzuia chuma kisisagane, ya kuzuia povu, ya kuua asidi, ukichanganya unapata mchuzi ambao hakuna mpishi aliyewahi kuuonja. Utaula na hutakufa, ila usiufanye chakula cha kila siku.

Na huo uji wa mjomba wako nakuhakikishia yalikuwa maji. Oili ikiingiwa maji inapigwa na krenkshafti mpaka inakuwa chai ya maziwa, iwe umechanganya au hujachanganya.

Sasa twende kwenye namba maana hapa watu wengi wanajichanganya kuliko hata oili yenyewe. Oili ikifika nyuzi 100 namba 40 inatakiwa mnato wake (uzito wa kumiminika, kwa sentistoki) usiwe chini ya 12.5 wala usifike 16.3. Na 15W-40 ikifika nyuzi hizo hizo 100 nayo inatakiwa iwe hapo hapo 12.5 mpaka 16.3. Yaani injini ikishachemka vizuri hizo mbili ni kitu kimoja! Tofauti iko asubuhi injini ikiwa ya baridi, 40 ni nzito zaidi na 15W-40 inapanda kwenye roka haraka. Hiyo W ni winta, baridi ya kwao. Sisi kipupwe chenyewe cha mwezi wa saba mtu anatembea na shati, kwa hiyo namba 40 peke yake haikuwa dhambi. Mimi nikipewa hiari naweka 15W-40, lakini lita 2 ulizoongeza wewe hazijaharibu chochote.

Ya tustroku ndio kesi nyingine, ngoja waje wenye bahari yao.

#5 Dada Spea Gerezani

Nauza oili na filta Gerezani, Dar, mwaka wa kumi na mbili huu niongeze kitu kimoja, wateja wangu wote wanauliza namba hakuna anayeuliza herufi. Mtu anakuja "dada nipe 40" nikimwonyesha tatu anachukua ya bei ndogo, kumbe ile ya bei ndogo nyuma imeandikwa CD. CD ni daraja la 1955 jamani! Bibi yangu hajaolewa.

Kwenye dumu tafuta herufi inayoanza na C, hiyo ndio ya dizeli. S ni ya petroli. Zinapanda hivi, CF-4 ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, halafu CJ-4, halafu CK-4 ya 2016. Injini ya mtumba kama ya kaka hapo juu CH-4 au CI-4 inamtosha na kubaki, na ndio nyingi sokoni, kina Rimula, Delvac, Rubia wote wanazo. CK-4 ukiipata sio vibaya ila unalipia vitu vilivyowekwa kwa ajili ya malori mapya yenye chujio la moshi, boti yako haina chujio la moshi. FA-4 usiiguse ni nyepesi sana ni ya injini mpya tu.

Na oili ya kupima kwenye mapipa 🙏 naomba niishie hapo nisije nikagombana na majirani. Seal iwe nzima, namba ya toleo isomeke, risiti uondoke nayo. Dumu likiisha toboa kabla ya kulitupa maana kuna watu kazi yao kuokota madumu mazuri.

#6 Mtu wa Kilindoni

Dada nashukuru. Namba 40 yangu nimeenda kuiangalia imeandikwa CF tu 😔

Kumwaga sio kwamba sitaki, dumu la lita 5 linakaribia elfu 70 na natakiwa madumu mawili na kitu. Nikimwaga halafu ikawa haikuwa na haja mzigo wa saruji wote faida imeishia hapo.

#7 mtoto wa Likoni

Hapa Mombasa hiyo ya kuchanganya ya outbodi (mashine ya kupachika) tumeiona sana, vijana huona dumu lina picha ya boti wakadhani ni ya boti yoyote. Sikiza ndugu yangu, oili ya tustroku imetengenezwa iungue, ichanganyike na petroli ipite itoke kwenye moshi. Haina ile dawa ya kubeba masizi ya dizeli na imeyeyushwa na kitu chepesi ili ikubali petroli. Ukiweka kwa dizeli ni kama umemwaga maji kwa supu. Lakini nusu lita kwa 11 ni chini ya asilimia 5, makanika anayekwambia uandae ovahoo kwa nusu lita huyo yuwataka kula pesa yako tu. Maliza safari moja fupi umwage.

#8 Chifu Mstaafu

Vijana wangu, mnajibu vizuri swali ambalo sio.

Nimekaa chumba cha injini miaka mingi, tagi (boti za kuvuta meli), meli za mizigo, na mwisho feri. Soma tena post ya kwanza. Bwana Kilindoni, kwenye dipstiki yako kutoka mstari wa chini mpaka wa juu ni lita ngapi?

#9 Mtu wa Kilindoni

Shikamoo chifu. Ni lita 3, nimeshapima mara nyingi.

#10 Chifu Mstaafu

Marahaba.

Ulikuwa mstari wa chini. Ukaongeza 2. Kijana kaongeza nusu. Jumla mbili na nusu, na hapo injini imekula kidogo katika hizo wiki mbili. Ulitakiwa uwe chini kidogo ya mstari wa juu. Wewe uko vidole viwili juu yake, hiyo ni lita moja na nusu au mbili za ziada. Zimetoka wapi? Injini haizai oili.

Halafu presha imeanza kushuka KABLA kijana hajamimina. Ndio iliyomfanya amimine.

Kuna kitu kinaingia humo ndani chenyewe. Ni maji au ni dizeli, hakuna cha tatu. Acha kuwasha hiyo injini, na sio kwa sababu ya huyo fundi wako na jeli yake. Fanya haya leo usiku, boti ikiwa imetulia na injini imelala masaa kadhaa:

Vuta dipstiki unuse. Usicheke, nusa. Halafu sugua kati ya kidole gumba na cha shahada, linganisha na oili mpya.

Chukua karatasi nyeupe isiyong'aa au kipande cha boksi, dondosha tone moja kutoka kwenye ncha ya dipstiki, iache mpaka asubuhi uone miduara yake.

Chukua kijiko cha bati kipashe moto kwenye jiko la mkaa, kitoe, kiweke mbali na jiko, dondosha tone MOJA. Ikilia chwaa na kurusha, kuna maji. Usifanye juu ya moto, kama ni dizeli itakushikia.

Lete majibu.

#11 Ngalawa Bubu

Chifu kanikumbusha kitu wallahi mwili umesisimka. Miye niko Unguja, miaka ya nyuma tulikuwa na boti ya dagaa oili ikawa inapanda hivi hivi, sie tukafurahi, tukasema mashine hii haili oili kabisa, mashine ya baraka. Usiku mmoja tunarudi, mashine ikaanza kupanda raundi yenyewe. Hakuna aliyegusa. Ikapiga kelele kama ndege inaruka, moshi mweupe kwa bluu umefunika boti hatuonani, nahodha akavuta waya wa kuzimia mpaka ukamtoka mkononi haizimi. Dizeli tumefunga, haizimi. Kumbe inavuta oili yake yenyewe kupitia bomba la kupumulia, sampu imejaa mpaka mvuke wa oili unaingia kwenye hewa na inaungua humo humo. Mzee mmoja akachukua gunia la mchele akalilowesha akalikunja akalisukumiza na ubao kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Ikakohoa ikanyamaza. Ile kimya baada ya pale sijaisahau, watu kumi na mbili hakuna aliyesema kitu, maji tu yanapiga ubavuni.

Kwa hiyo kaka oili kupanda sio baraka. Na msije mkaziba na kiganja, itakinyonya.

#12 Kigoma Mwisho wa Reli

Dah #11 🙌

Sisi huku Tanganyika chumvi hatuna lakini tabu zetu zipo, boti nyingi za mizigo injini zimetolewa kwenye malori zikafungwa humo, hakuna anayejua sampu ni lita ngapi maana injini imelazwa kwa pembe mpya na dipstiki inadanganya. Ukipima kwenye boti iliyoelemea nyuma unapata jibu jingine. Kwa hiyo mtoa mada hakikisha boti imekaa sawa bila mzigo ndio upime.

Nje ya mada kidogo, mnaijua meli yetu ya Liemba? Wajerumani walipoizamisha 1916 pale Malagarasi ikiitwa Götzen wahandisi walizipaka injini grisi nzito kila mahali kabla ya kuizamisha, Waingereza wakaitoa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Miaka kadhaa chini ya maji! Zilikuwa injini za stimu wakati ule lakini grisi ni grisi. Halafu mtu hapa anaogopa 15W-40 ya kampuni nyingine.

#13 pweza mkavu

Kigoma Mwisho wa Reli huwezi kuandika post tatu bila kuitaja Liemba wewe

#14 Mtu wa Kilindoni

Wakuu majibu haya.

Kunusa: inanuka dizeli. Mwanzo nilijua ni mikono yangu, nikanawa na sabuni nikarudia, ni yenyewe. Nikamwita mke wangu anuse bila kumwambia kitu akasema "si mafuta ya taa haya".

Kusugua: mpya inavutika ukiachanisha vidole, hii inateleza kama maji ya mafuta haina ule uzi.

Kijiko: hailii. Imetoa moshi tu.

Karatasi: katikati nyeusi, inafuata kijivu, halafu nje kuna duara pana la rangi ya njano linaloangaza ukiliweka kwenye mwanga. La oili mpya niliyodondosha pembeni halijatanuka nusu yake.

Chifu ni dizeli?

#15 Chifu Mstaafu

Ni dizeli. Shukuru kijiko hakikulia, maji ya bahari ungekuwa na masaa sio siku, chumvi inakula beringi na krenkshafti injini ikiwa imelala.

Dizeli asilimia 5 tu inatosha kuishusha namba 40 ikawa kama 30, wewe una zaidi ya hapo. Ndio maana taa inamulika kwenye sailensa, oili imekuwa nyepesi presha haishikiki. Ungeongeza oili bora kuliko zote duniani juu ya hiyo ingekuwa hivyo hivyo.

Sababu kubwa ni mbili. Nozeli (kipulizia cha dizeli) inayodondosha badala ya kupuliza, dizeli haiungui yote inateremka ukutani mwa silinda inapita ringi mpaka chini. Hii mara nyingi inakuja na moshi na kutetema kwenye sailensa, wewe husemi hivyo. Ya pili ni ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyobandikwa ubavuni mwa injini, ina raba ndani, inasukumwa na kemshafti. Raba ikitoboka dizeli inateremka moja kwa moja kwenye sampu kimya kimya, injini inawaka vizuri, moshi safi. Anza na hiyo. Ni boliti mbili.

Sasa nijibu na lile swali lako la oili ya baharini maana limepita. Watu wanasikia meli zina oili yake wanadhani boti nayo inataka hiyo. Meli kubwa ya tustroku ina oili mbili tofauti kabisa, ya silinda inayoungua na kwisha, na ya chini inayozunguka. Ya silinda ina alkali nyingi ya kuua asidi ya salfa, tulikuwa tunatumia zenye namba ya alkali 70 mpaka 100 wakati mafuta mazito yanaruhusiwa salfa asilimia 3.5. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 ikashushwa mpaka 0.5 na alkali nayo ikashuka, wengi wakaja kwenye 40. Dizeli ya vituoni kwetu inatakiwa isizidi chembe 50 za salfa kwa milioni tangu 2015. Chembe 50! Sasa alkali ya meli uipeleke wapi kwenye boti ya saruji? Oili ya lori ya CI-4 ina alkali kama 10 hivi, inatosha. Ukiizidisha bila asidi ya kuua inabaki majivu juu ya pistoni.

Injini ndogo ya baharini inachofanana na lori ni yote isipokuwa mawili. Inakaa unyevuni, na inaachwa kwenye sailensa muda mrefu, hasa za uvuvi mkivuta nyavu. Kwa hiyo kinachobadilika ni lini unamwaga, aina ya oili inabaki ile ile. Na zile ndogo zinazopozwa na maji ya bahari moja kwa moja bila kipoozeo hazifiki hata nyuzi 60, oili haikauki vizuri, hizo mwage mapema zaidi.

#16 Jembe la Tanga

Chifu shikamoo. Kwa hiyo kuchanganya ruksa?

#17 Chifu Mstaafu

Marahaba. Ukiwa katikati ya bahari na chaguo ni kuchanganya au kuendesha bila oili, changanya hata usiulize. Ukifika nchi kavu, mwaga.

Melini tulichanganya, ila kulikuwa na utaratibu. Oili ya kuongeza haikuzidi sehemu moja ya kumi kwa mkupuo mmoja. Oili ya zamani imebeba masizi yake imeyashika vizuri, ukiileta mpya nyingi kwa ghafla yanaweza kuachiwa yote pamoja, filta ikaziba saa nane usiku na wewe ndio zamu yako. Nimeshaamshwa hivyo.

Na kuna injini zenye masharti. Tagi yetu moja ilikuwa na Detroit 6-71, tustroku ya dizeli, ile inataka namba 40 peke yake yenye CF-2 na majivu yasifike asilimia 1. Humo 15W-40 hairuhusiwi kabisa. Mtu aliyezoea Detroit akija kwenye boti yako atakuapia 40 ndio oili ya bahari. Hadanganyi, anaongelea mashine yake.

#18 Fundi Igombe

Nimejifunza leo aisee, mimi mwenyewe vidole viwili juu nilivisoma nikapita.

#19 Mtu wa Kilindoni

Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa.

Pampu tumeifungua. Fundi yule yule, nimemwonyesha uzi huu wote kwenye simu kasoma kanyamaza. Raba ina ufa kama unyayo wa mzee, ukibonyeza mkono wa pampu kwa kidole dizeli inachuruzika pale pale kwenye tundu la chini. Raba mpya nimeipata Gerezani (dada sijui kama ni wewe, duka lina pazia la kijani?).

Kumwaga ndio kulikuwa kazi. Boliti ya sampu iko chini imelala kwenye ngama, spana haiingii, nikaazima pampu ya mkono yenye mpira mwembamba tukaingiza kwenye tundu la dipstiki. Tuliipasha injini kwa dakika chache tu baada ya kufunga pampu ili oili ilainike, ingawa hii ilikuwa laini tayari. Nimepima madumu, zimetoka lita 12 na nusu kutoka kwenye injini ya 11!! Filta mpya, nikaijaza nusu kabla ya kuifunga. 15W-40 CI-4 lita 11 mpya, nikaizungusha na stata bila kuiwasha mpaka taa ikazima ndio nikawasha.

Mzigo wa saruji Jumatano ulienda na boti nyingine, riziki ya mwenzangu.

Sasa nimepiga safari mbili, taa haijamulika na dipstiki iko pale pale nilipoiacha. Chifu umeniokolea mashine Mungu akupe umri.

Swali, hizi lita 12 chafu nizipeleke wapi? Kuna mtu kaniambia nipake boti badala ya sifa.

#20 Ngalawa Bubu

Usipake bwana. Sifa ni mafuta ya papa yanaingia kwenye mbao yanakaa, yananuka ndio lakini hayamuui mtu. Oili chafu inabaki juu juu, jua likiwaka inachuruzika majini, inakaa kwenye matope ya mikoko kule samaki na kamba wanakozalia. Na wewe uko Mafia, hifadhi ya bahari ipo hapo tangu 1995 unataka ukutwe na utandu wa upinde wa mvua ubavuni?

#21 Dada Spea Gerezani

Kaka pazia la kijani ndio mimi 😂 ungejitambulisha ningekupunguzia. Oili chafu iweke kwenye madumu yale yale, uyatoboe yakishamwagwa sio kabla, ukija Dar njoo nayo kuna wanaokusanya kwa vibali nitakuelekeza.

Na uandike saa za injini ulizomwaga kwenye ubao wa boti. Mpya kama hii baada ya uchafu ule mwage tena saa 50, baada ya hapo saa 200 hivi au mwaka, kipi kitangulie. Wateja wangu wa dagaa wanamwaga kwenye mbalamwezi kwa sababu hawaendi baharini hata hivyo, hawasahau.

#22 Mtu wa Kilindoni

Sawa dada. Wakuu la mwisho, niko pale pale kwenye injini nimeona nipime na gia boksi, iko chini kidogo. Naongeza nini, hii hii 15W-40 iliyobaki au ATF (oili ya gia otomatiki)?

#23 Chifu Mstaafu

USIONGEZE KITU. Gia boksi nyingine za boti zinataka ATF, nyingine zinataka oili ya injini, na klachi zake zinateleza ukikosea. Tuma picha ya kibao cha gia boksi kwanza.

#24 Mtu wa Kilindoni

Kibao nacho kimeliwa na chumvi chifu 😅

#25 Chifu Mstaafu

Basi vuta kijiti chake uniambie rangi. Nyekundu au ya asali?

#26 Mtu wa Kilindoni

Ya asali kwa mbali, ila ina wekundu wekundu. Nimemuuliza kijana, anasema mwezi wa tatu aliwahi kuongeza.

#27 pweza mkavu

Mwaga mkuu.